Mayai ya kuku huria: Nani anahakiki kwamba kuku alitoka nje?

Katika masoko mengi ya mipakani Afrika Mashariki, trei ya mayai ya kienyeji huuzwa kwa bei ya juu kuliko trei ya mayai ya kisasa, ingawa mara nyingi mayai yenyewe ni madogo. Mnunuzi hulipa nyongeza hiyo kwa kuamini jambo moja: kwamba kuku aliyetaga alitembea, akachakura ardhi, akala majani na wadudu. Kwa kuku kumi wa kijijini imani hiyo haina shida. Shida huanza pale kuku wanapokuwa maelfu, mwenye shamba anapokuwa na mkopo wa benki wa kulipa, na mayai yanapovuka mpaka mikononi mwa watu ambao hawajaliona banda.

Nchi za Ulaya zimekuwa zikihangaika na suala hilo kwa sheria kwa zaidi ya miaka 20. Yaliyowakuta yanafaa kujulikana na yeyote anayenunua, kubeba au kuuza mayai ya kuku huria.

Tangu mwaka 2004, mayai ya daraja la kwanza yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya hupigwa muhuri kwenye ganda. Tarakimu ya mwanzo hueleza ufugaji: 0 ni kilimo hai, 1 ni huria, 2 ni kuku wanaoachwa ndani ya banda bila vizimba, na 3 ni wa vizimbani. Hufuatia herufi za nchi na namba ya shamba. Vizimba vitupu vya zamani vilipigwa marufuku kuanzia Januari 1, 2012. Vilivyoruhusiwa baada ya hapo lazima viwe na kiota, fito za kulalia na sentimita za mraba 750 kwa kila kuku, eneo ambalo bado halifikii ukubwa wa karatasi mbili za A4. Uingereza, iliyotoka katika Umoja huo mwaka 2020, imebaki na mfumo unaofanana na huo.

Umuhimu wa muhuri kwa biashara ulionekana mwaka 2017, ilipogundulika kwamba mabanda mengi ya Uholanzi yalipuliziwa dawa ya fipronili kuua utitiri mwekundu, dawa ambayo hairuhusiwi kwa wanyama wanaoliwa. Mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani katika nchi kadhaa. Bila namba zile kwenye ganda ingekuwa vigumu kujua yapi yatupwe na yapi yaachwe.

Ili yai lipate namba 1, sheria inataka kila kuku awe na mita za mraba 4 za eneo la nje, yaani kuku wasiozidi 2,500 kwa hekta. Ndani, kuku wasizidi 9 kwa mita moja ya mraba. Vijimlango vya kutokea viwe na kimo cha sentimita 35 na upana wa sentimita 40, na upana wake wote ufike mita 2 kwa kila kuku 1,000.

Ukizisoma namba hizo kwa makini utagundua kinachokosekana. Sheria inapima ardhi na mlango. Haipimi kama kuku anatoka.

Na kuku wengi hawatoki. Asili ya kuku ni ndege wa msituni, mwenye hofu ya kila kinachopita juu yake. Shamba tupu lenye nyasi fupi, ambalo mnunuzi hulipenda sana kwenye picha ya boksi, kwa kuku ni mahali pa kuliwa na mwewe. Katika kundi la kuku 16,000, idadi ya kawaida kwa shamba la biashara Uingereza, anayeishi katikati ya banda hulazimika kupita katikati ya maelfu ya wenzake kabla hajafika mlangoni. Ndiyo maana watafiti wamekuwa wakikuta kwamba kwa wakati mmoja ni sehemu ndogo tu ya kundi kubwa iliyo nje, na wengi wa hao hubaki karibu na ukuta. Panapopandwa miti au vichaka, na makundi yakiwa madogo, wanaotoka huongezeka na huenda mbali zaidi. Kwa lugha ya uhasibu, mfugaji anaweza kulipia hekta sita kwa kuku 16,000 na wao wakatumia moja.

Uhuru wenyewe nao una gharama, na hapa wanaotetea kuku huria mara nyingi hunyamaza. Kuku wakiwa kundi kubwa lisilo na mipaka huweza kuanza kudonoana. Mmoja akitoka damu, wengine humfuata. Kwa sababu hiyo vifaranga hukatwa ncha za midomo. Ujerumani, wafanyabiashara na wafugaji walikubaliana kuacha jambo hilo kuanzia mwaka 2017, na Uholanzi ikalipiga marufuku mwaka 2018, ingawa wenye kuku wasiokatwa midomo hulazimika kuwa makini zaidi na chakula, mwanga na maranda. Kuku wakishtuka hukimbilia kona moja wakalaliana hadi kufa. Mbweha huchukua sehemu yake. Minyoo na utitiri hupata mahali pa kuzaliana. Ndiyo maana mabanda ya huria yasiyo na msimamizi mzuri huzika kuku wengi kuliko vizimba, wakati yenye usimamizi mzuri hayapishani navyo sana. Aina ya ufugaji peke yake haitoshi kueleza kuku anaishije.

Kisha likaja suala la mafua ya ndege. Mwishoni mwa Novemba 2021 serikali ya Uingereza iliamuru kuku wote wafungiwe ndani. Wakati huo sheria iliruhusu mayai kuendelea kuuzwa kama ya huria kwa wiki 16 tu za kufungiwa. Wiki hizo zilikwisha Machi 21, 2022, na maduka yakalazimika kubandika tangazo kwamba mayai hayo sasa ni ya kuku wa bandani. Amri iliondolewa Mei 2 mwaka huo. Mnunuzi aliambiwa ukweli, lakini wafugaji walilalamika, na hawakukosa hoja: ardhi walikuwa wanaendelea kuilipia, na ufunguo wa banda haukuwa mikononi mwao.

Umoja wa Ulaya ulibadili kanuni mwaka 2023. Kikomo cha wiki 16 kikaondolewa. Kuku wakifungiwa kwa amri ya kuzuia ugonjwa, yai hubaki kuitwa la huria muda wote wa amri. England ikafanya vivyo hivyo mwaka 2025. Biashara ilipata utulivu, na kwa nchi zinazouziana mayai kila siku hilo si jambo dogo. Lakini neno limepungua uzito. Anayelipa zaidi ili kuku atoke nje analipa bei ileile kuku akiwa amefungiwa miezi minne au mitano, na hakuna anayelazimika kumwambia. Tangazo la mwaka 2022 lilikuwa usumbufu, ila lilikuwa la haki kwa pande zote mbili. Serikali zingeweza kulibakiza kwa maneno yasiyomuumiza mfugaji.

Afrika Mashariki nayo inaufahamu ugonjwa huo. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege, na Kenya na Rwanda zikafunga mlango kwa kuku na mayai yake. Oktoba mwaka huohuo, upande wa Tanzania, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa sababu ya kuzuia magonjwa. Maofisa wa mpakani, kama mfano huo unavyoonyesha, huangalia ugonjwa na vibali. Kuku aliishije si hoja mezani kwao.

Jina "kienyeji" linabaki kulindwa na mazoea tu. Siku hizi sehemu ya mayai yanayouzwa kwa jina hilo hutoka kwa kuku chotara au walioboreshwa, kama Kuroiler na Sasso, ambao wengi hufugwa ndani au kwa mtindo wa nusu huria. Hakuna ubaya katika hilo, isipokuwa bei inapotozwa kwa maisha ambayo kuku hakuyaishi. Wanunuzi hupasua yai na kutazama kiini. Kiini cha njano iliyokolea hakithibitishi kitu, kwa kuwa mahindi ya njano au rangi inayochanganywa kwenye chakula hutoa matokeo hayohayo. Rangi ya ganda ni ya mbegu ya kuku tu.

Mfanyabiashara anayetaka kujua anacholipia atapata majibu shambani. Ardhi iliyochakuliwa mlangoni huku majani yakiwa marefu mita 20 mbele inaeleza kwamba kuku hawaendi mbali. Mgongo na mkia visivyo na manyoya vinaeleza kudonoana. Daftari la vifo, kama lipo, linaeleza mengine, na kama halipo nalo linaeleza.

Kwa wasafirishaji jambo linakuwa zito zaidi mwisho wa utagaji. Kuku wa kienyeji halisi hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Wa kisasa hukaribia 300 au kuvuka, na kila ganda huchukua gramu mbili hivi za kalsiamu. Kuku aliyemaliza kutaga ana mifupa dhaifu, awe wa kizimbani au wa huria. Wa huria na wa bandani huruka kutoka kwenye fito na kugonga vitu, hivyo tafiti za Ulaya hukuta mfupa wa kidari umevunjika kwa wengi wao kabla hata hawajauzwa. Huyo ndiye anayeshikwa mguu mmoja, kichwa chini, wanne au watano mkono mmoja, na kutupwa kwenye tenga juani. Anayefika sokoni amekufa au amevunjika bawa hununuliwa kwa bei ya chini au hanunuliwi, na hasara hiyo kwa kawaida humwangukia mwenye gari. Kupakia alfajiri, kushika miguu yote miwili huku kifua kimeegemezwa, na kupunguza idadi kwenye tenga ni hatua zinazogharimu muda wa wapakiaji, ambao wengi hulipwa kwa tenga na si kwa saa.