TUSILIPE MARA MBILI KWA SOMO MOJA

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wetu tuna diploma, na sasa twataka digrii bila kuacha kazi. Njia ipo. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwaka 2023, nacho hufundisha kwa intaneti. Mtu aweza kusoma baada ya zamu.

Lakini vyuo vingi humtaka kila mwanafunzi apite masomo ya jumla, kama mawasiliano na kompyuta. Ndugu aliyekwisha kuyafaulu kwingine mara nyingi huambiwa ayaanze upya, na kuyalipia upya. Huko ni kukatiwa tikiti mbili kwa safari moja.

Sheria Na. 22 ya 2014, iliyounda mamlaka ya KNQA, yataja wazi kuhamisha krediti za masomo. Vyuo husema vyalinda kiwango. Vema, vitupe mtihani. Tukishindwa, tutasoma tena.

Basi ndugu, usilipe karo kabla ya kupata jibu kwa maandishi: somo lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa nini. Nacho chama chetu kilidai jambo hili kama kidaivyo mshahara, kwani karo hutoka katika mshahara huo huo.