Askari wa Zimamoto Naye ni Mgonjwa Wetu

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya mtu ambaye tunamkumbuka siku nyumba inapowaka tu, na mara nyingi tunamkumbuka kwa matusi. Huyo ni askari wa zimamoto.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja hospitalini kwetu kijana mmoja wa kazi hiyo, akiwa na mke wake. Alikuwa na kikohozi cha wiki tatu. Nilipoona kazi yake imeandikwa kwenye kadi, nikakumbuka moto uliotokea mjini mwezi ule na kumwua mtoto mdogo. Nami nikamwuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiliuliza: "Kwani mlichelewa wapi?" Hakujibu. Mke wake ndiye aliyejibu: "Sista, huyu ndiye aliyemtoa yule mtoto. Tangu siku hiyo anaamka usiku, anawapapasa watoto wetu kama bado wanapumua."

Niliona haya. Nilimwumiza mgonjwa kabla hata sijampima homa. Ndiyo maana naandika leo. Maoni yangu ni kwamba moto ukishazimwa, kwa askari huyu haujaisha. Anarudi nao nyumbani, kifuani na kichwani. Kumtunza ni wajibu wa mwajiri wake, wa jamaa yake, na wetu sisi majirani.

Wengi hudhani askari wa zimamoto hukaa kituoni akisubiri simu. Sivyo. Akiingia zamu hukagua gari, tangi la maji, mipira, ngazi na mitungi ya hewa. Hufanya mazoezi, hukagua majengo, huenda shuleni kufundisha watoto. Hapa Tanzania ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007. Kwa hiyo huitwa pia kwenye ajali za barabarani, kwenye mafuriko, na kwa mtu aliyetumbukia kisimani. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na kuua watu zaidi ya 100, wao walikuwepo. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wao walikuwepo. Sisi tuliona picha. Wao walishika kwa mikono yao.

Sasa tuangalie mwili wake. Nyumba za siku hizi zina magodoro ya sponji, plastiki, nyaya na rangi. Vikiungua hutoa hewa za sumu. Mojawapo, kaboni monoksaidi, hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, hata mtu akakosa hewa huku anapumua. Masizi nayo hubaki kwenye ngozi na nguo. Mwaka 2022, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yanayojulikana kwa hakika kuleta saratani. Ilitaja hasa saratani ya kibofu cha mkojo na ya utando unaozunguka mapafu. Moyo pia huumia. Mtu aliyekuwa usingizini hushtuliwa na king'ora, na baada ya dakika chache anapanda ngazi kwenye joto kali akiwa na mzigo mgongoni. Kule Marekani, kwa miaka mingi moyo kusimama ghafla umekuwa sababu kubwa ya vifo vya askari hao wakiwa kazini.

Na roho yake je? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kuota tukio lile lile, kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira za ghafla nyumbani, kukwepa watu, kuzidisha pombe: hizo si tabia mbaya wala si kulogwa. Ni ugonjwa unaofuata mambo ya kutisha, na una tiba. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja, aje hospitali.

Juu ya haya yote tunawapiga mawe, tukisema wamekuja bila maji. Hebu tufanye hesabu. Gari lenye tangi la lita 5,000, mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi limekwisha kwa dakika 10. Baada ya hapo lazima gari likajazwe, na kama mtaa hauna bomba la kulijazia, litaondoka wakati moto bado unawaka. Sisemi kwamba hawakosei kamwe. Wananchi wana haki ya kudai magari na mabomba, lakini wayadai kwa diwani na mbunge wao, si kwa jiwe usoni pa kijana aliyekuja kuokoa.

Wapo watakaosema kwamba kila kazi ina hatari yake, na kwamba hata sisi wauguzi tunaugua. Ni kweli. Lakini mimi nikihudumia mgonjwa wa kifua kikuu napewa barakoa, na hakuna ndugu wa mgonjwa anayenisubiri mlangoni na mawe. Naye apate hivyo hivyo.

Basi nashauri haya:

1. Mwajiri ampe kila askari barakoa na mtungi wa hewa, na jozi ya pili ya nguo za kazi ili ile yenye masizi ifuliwe. Kila mwaka apimwe presha, moyo, mapafu na mkojo, bila kulipa kutoka mfukoni mwake.

2. Askari asije nyumbani na nguo za moto. Aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Asivute sigara. Akiona damu kwenye mkojo, kikohozi kisichoisha au maumivu ya kifua, asingoje.

3. Mke au mume wa askari, mwache apumzike baada ya zamu ya usiku. Asipotaka kusimulia, usimlazimishe. Akitaka, msikilize bila kumhukumu.

4. Majirani, moto ukiwaka pigeni namba 114 mara moja, kabla ya kupiga picha. Elezeni njia vizuri, na mtu mmoja asimame barabarani kuwaongoza. Ondoeni magari njiani.

Yule kijana tulimtibu kifua, tukampeleka pia kwa mganga wa magonjwa ya akili. Alikuja mara nyingi, mke wake akimsindikiza. Siku moja aliniambia kwamba sasa analala hadi alfajiri. Nilimwomba msamaha kwa swali langu, naye akacheka, akasema, "Sista, hata mama yangu aliniuliza hivyo."

Jumapili hii, baada ya Misa, ukimwona askari wa zimamoto wa parokia yenu, usimwulize walichelewa wapi. Mwulize amelalaje. Hadi mwezi ujao, kaeni salama.