Siyo Usafi, Siyo Pepo

Jamani, hii kauli ya "ugonjwa wa wazungu" imenichosha.

Kikundi chetu cha vijana hapa Nyarugusu tumemaliza kusoma Turtles All the Way Down, riwaya ya John Green ya mwaka 2017, mimi nikitafsiri kwa mdomo. Msimulizi ni Aza, msichana wa miaka 16 wa Indianapolis, Marekani. Anaogopa vijidudu. Anabonyeza kidole kwa ukucha mpaka kinatoa damu, anakisafisha, anabadilisha plasta, halafu anaanza upya. Watu wakaguna: sisi tumekimbia risasi, huyu analilia kidole?

Nasema hivi: msikilizeni vizuri. Aza anajua kabisa kwamba hofu yake imepita kiasi. Kujua hakumsaidii. Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Green naye anaishi nao, na amelisema hilo hadharani.

Eti kwetu haupo? Waislamu wana jina lake la siku nyingi: wasiwasi. Mtu anatia udhu, anahisi haujatimia, anaanza tena na tena mpaka swala inampita. Jina hilo halikuletwa na mzungu.

Hapa kambini namfahamu kijana anayenawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Bombani wanamwita mharibifu wa maji. Nyumbani wanasema ana pepo. Wengine wanamsifu, eti msafi. Hakuna anayemuuliza anaogopa nini. Sisi wengine tunanawa kwa sababu ya kipindupindu: sabuni, maji, basi. Yeye hana hiyo basi.

Sikatai maombi. Mwombeeni. Ila maombi yasiwe sababu ya kumshindisha njaa, kumchapa au kumficha ndani. Tiba ipo. Kuna dawa, na kuna mazungumzo ambayo mgonjwa anafundishwa pole pole kuikabili hofu bila kukimbilia maji. Kumwambia "acha mawazo" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Vita haifuti magonjwa mengine. Aliyekimbia risasi anaweza pia kuteswa na kidole chake mwenyewe.

Kwa hiyo wachungaji, mashehe, viongozi wa vijana, na ninyi mama zetu wa foleni ya bomba: mkiona mikono imepasuka, msicheke. Mvuteni pembeni, mumuulize, kisha mmsindikize kituo cha afya. Na msimwache mlangoni, ingieni naye.