Anayetafuta Uongozi na Anayetafutwa



Wiki mbili zilizopita kamati yetu ya msikiti ilikutana baada ya swala ya Isha kuzungumzia nafasi ya mwalimu mkuu wa madrasa, ambayo iko wazi tangu ulipomalizika mwezi wa Ramadhani. Mjumbe mmoja alipendekeza tumwite kimyakimya ustadhi anayemfahamu, tumkabidhi ofisi, kisha wazazi watangaziwe. Mwingine akamuunga mkono kwa hoja kwamba hata vyuo vikuu vikubwa vya Marekani siku hizi hupata wakuu wao kwa siri, kupitia kampuni zinazolipwa kuwasaka. Kauli hiyo tuliondoka nayo nyumbani. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki inawahusu wazazi wote wenye watoto madrasani, sekondari na vyuoni.

Kazi ya kampuni hizo huenda hivi. Bodi ya chuo huunda kamati ya kumtafuta kiongozi, kisha hukodi wasakaji waisaidie. Wasakaji huzungumza na wahadhiri, wanafunzi na wafadhili, wakaandika waraka wa sifa zinazotakiwa. Baada ya hapo hawakai kungoja barua za maombi. Huwapigia simu watu ambao tayari wana kazi nzuri na hawana haja ya kuomba. Mkuu wa chuo kimoja hawezi kupeleka maombi hadharani katika chuo kingine, maana akikosa atarudi kwa waliomwajiri akiwa amepoteza imani yao. Akihakikishiwa kuwa jina lake litasitiriwa, husikiliza. Wanaoitwa husailiwa faraghani, mara nyingi katika hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege ili wasionekane chuoni, na wachache wa mwisho ndio hupelekwa mbele ya bodi. Kwa desturi ya biashara hiyo, ujira wa msakaji ni takriban theluthi moja ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa huyo anayepatikana.

Tuseme haki: mtindo huu una upande unaotupendeza sisi Waislamu. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abdurrahman bin Samura (r.a.) asiuombe uongozi, kwa kuwa anayepewa bila kuuomba husaidiwa, na anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo wake. Kumwendea mtu mwema aliyetulia katika kazi yake si jambo la kubezwa. Mtihani uko kwenye ile siri.

Chukueni mfano wa Chuo Kikuu cha Iowa, chuo cha umma kilichoasisiwa mwaka 1847. (Jimbo hilo si geni kwa Uislamu. Katika mji wa Cedar Rapids, jirani na chuo hicho, umesimama msikiti uliojengwa mwaka 1934, nao ndio mkongwe kuliko yote iliyojengwa kwa ajili hiyo na ambayo bado imesimama Marekani. Na uko mji jimboni humo uitwao Elkader, kwa heshima ya Amir Abdulqadir wa Algeria.) Mwaka 2015 bodi ya jimbo inayosimamia vyuo vya umma, yenye wajumbe 9, ilikodi kampuni ya wasakaji na kuunda kamati ya watu 21. Wanne walifika hatua ya mwisho. Watatu kati yao walikuwa viongozi wazoefu wa vyuo vikuu. Wa nne, Bruce Harreld, alikuwa mtu wa biashara aliyewahi kushika nyadhifa katika kampuni ya IBM, na hakuwa amewahi kuongoza chuo. Tarehe 3 Septemba bodi ilimteua yeye kwa kauli moja, kwa mshahara wa dola 590,000 kwa mwaka.

Kumteua mfanyabiashara si dhambi. Bodi ilikuwa na hoja yake, kwamba nyakati zimebadilika na chuo kinahitaji jicho la nje. Kilichowaumiza watu ni yaliyofichuka baadaye: mwishoni mwa Julai, kabla majina ya mwisho hayajatangazwa, Harreld alikuwa amekutanishwa na wajumbe wanne wa bodi katika ofisi za biashara ya mwenyekiti wa bodi, wawili wakiingia kwanza na wawili baadaye, idadi isiyoulazimisha mkutano kuwa wa wazi kisheria. Wenzake watatu hawakupata nafasi hiyo. Tena wahadhiri walipousoma wasifu wake waliona kuwa kampuni ya ushauri aliyoitaja kama kazi yake ya wakati huo haikuwa hai tena kisheria. Msakaji alilipwa ili kukagua wasifu. Kasoro ikaonwa na watu wasiolipwa kitu.

Siku chache baada ya uteuzi, baraza la wahadhiri lilipiga kura ya kutokuwa na imani na bodi. Mwaka 2016 chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani kikakiwekea chuo hicho adhabu ya kukitangaza hadharani, iliyodumu hadi 2018. Harreld mwenyewe aliendelea hadi mwaka 2021. Hatusemi alikuwa mwovu. Tunasema alianza kazi akiwa na deni la imani ambalo si yeye peke yake aliyelikopa.

Sasa turudi Madina, mwaka wa 23 Hijria. Sayyidna Umar (r.a.), akiwa na jeraha lililomuua, aliwateua masahaba sita wamchague mmoja wao, na akamzuia mwanawe Abdullah asiwe na fungu katika ukhalifa; ahudhurie tu. Watatu wakawaachia wenzao, wakabaki Uthman, Ali na Abdurrahman bin Auf (Allah awawie radhi). Abdurrahman akajitoa katika kugombea, na kwa kujitoa huko akapata haki ya kusimamia uchaguzi. Kisha hakulala. Kwa siku tatu aliwauliza watu, na imepokewa kuwa alibisha hodi kwa Miswar bin Makhrama usiku wa manane akamwamsha, akimwambia kuwa nyusiku zile hakupata usingizi wa kutosha. Huyo ndiye msakaji tunayemtaka: hana maslahi na matokeo, hana ujira, na anagonga milango ya watu badala ya kujifungia nao hotelini.

Na kuhusu kukagua wasifu, imesimuliwa kuwa mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar (r.a.). Akaulizwa kama ni jirani yake, kama amewahi kusafiri naye, na kama wamewahi kushughulika katika fedha. Alipokana yote, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Tungependa maswali hayo matatu yabandikwe ukutani katika kila ofisi ya taasisi zetu.

Isidhaniwe kuwa uwazi peke yake unatosha. Kwa jirani zetu wa Kenya, Profesa Stephen Kiama aliteuliwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwezi Januari 2020 baada ya usaili wa Tume ya Utumishi wa Umma. Siku chache baadaye waziri wa elimu aliubatilisha uteuzi na kulivunja baraza la chuo, shauri likafika mahakamani, na mwishowe Profesa akabaki katika kiti. Njia ilikuwa safi. Aliyekosekana ni wa kuiheshimu.

Kwa upande wetu, tunao mfano ulio karibu zaidi na mchungu zaidi. Miaka mitatu iliyopita kamati yetu hii hii ilimpata mwalimu kwa njia ya kimyakimya. Wazazi waliujua mwenendo wake kabla yetu, kwa sababu walikuwa majirani zake. Sisi tulikuwa na cheti chake tu. Kabla ya mwaka kwisha watoto karibu sitini walikuwa wameondolewa madrasani, na baadhi yao hawajarudi mpaka leo.

Basi safari hii tumeafikiana hivi. Majina ya masheikh watatu waliokubali kuitwa yatasomwa baada ya swala ya Ijumaa ijayo, kwa idhini yao wenyewe. Kila mmoja atasomesha wiki moja, na wazazi, kina mama wakiwemo, watakaribishwa kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza. Mwenye kuwa jirani na mmoja wao, au aliyesafiri naye, au aliyekopeshana naye, aje ofisini kati ya Alasiri na Magharibi. Atasikilizwa na watu wawili na maneno yake yatahifadhiwa. Yule mjumbe aliyempendekeza ustadhi wake ameeleza kikaoni kuwa ni shemeji yake, na ameomba mwenyewe asipige kura.