Mtoto Apendaye Hadithi

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto apendaye vitabu vya hadithi. Wako wazazi wanaomwona mtoto wa namna hiyo kuwa mvivu. Husema, "Anasoma uongo. Afadhali angefanya hesabu."

Huku Kahama yuko msichana mmoja wa darasa la sita. Asubuhi hufagia uwanja, huchota maji, hula michembe kidogo, kisha hukimbia shuleni. Jioni hupika. Husonga ugali kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kitabu. Ugali wake una madonge. Kaka zake husema kila donge ni sura moja ya kitabu. Naye huwajibu, "Basi kuleni, nanyi mtakuwa mmesoma."

Hadithi alianza kuzipata kwa bibi yake, kama wengi wetu Usukumani. Bibi alimsimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa nchi. Alibaki mwanamke mmoja mwenye mimba, aliyejificha. Huyo akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua, akaenda kulitafuta zimwi. Kila alichoua alimletea mama yake na kuuliza kama ndilo. Alileta panzi. Akaleta ndege. Akaleta paa. Mama akasema bado. Mwisho akalipata lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima.

Tangu hapo, nyumbani kwao kila kitu kigumu huitwa Shing'weng'we. Mtihani wa hesabu ni Shing'weng'we. Baiskeli ya baba isiyo na breki ni Shing'weng'we. Siku moja mdogo wake alileta jongoo kwenye chakula akauliza, "Je, ndilo hili?"

Baadaye msichana alikuta kitabu katika kabati la shule. Jalada limetoka, lakini jina limeandikwa ndani: Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwandishi wake ni Mwingereza, H. Rider Haggard, aliyekitoa mwaka 1885. Frederick Johnson alikitafsiri, na Kiswahili chake kikatoka mwaka 1929. Ni habari za Wazungu watatu wanaokwenda kumtafuta ndugu wa mmoja wao, aliyepotea akitafuta almasi. Humo Mwafrika anatazamwa kwa macho ya mkoloni, na msomaji wa leo ana haki ya kununa. Lakini safari yenyewe ni tamu.

Baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Hushinda kwenye maduara wiki nzima, hurudi Jumamosi. Alipokiona kitabu alisema, "Mashimo ya uongo hayo. Ya kweli nayajua mimi."

Binti akasema, "Baba, naomba nikusomee kidogo tu."

Akasoma pale wageni wanapoingia katika pango la hazina. Kikongwe mchawi anaushusha mlango wa jiwe. Wamefungiwa gizani. Masanduku ya almasi yamewazunguka, na maji karibu hawana. Saa zinapita.

Baba akaweka kikombe chini. Akauliza, "Bado wanapumua vizuri?"

"Ndiyo, baba."

"Kama hewa haiishi, basi liko tundu mahali. Watafute chini."

Binti akafunua ukurasa. Ni kweli! Hata katika kitabu, hewa ndiyo iliyowaonyesha njia, na njia ilikuwa sakafuni. Baba akacheka kwa sauti. Kisha akauliza, "Huyu mwandishi aliwahi kuingia shimoni?"

Usiku ule alizungumza mambo ambayo huwa hayasemi nyumbani. Aliwaeleza habari za Nyangalata, hapa hapa wilaya ya Kahama. Mwezi wa Oktoba 2015 shimo la dhahabu liliporomoka huko na kuwafukia wachimbaji. Watano walitolewa hai baada ya siku 41. Walikuwa wakila mizizi na wadudu. Mwenzao mmoja alifia humo.

Kaka mkubwa, mwenye miaka 14, alikuwa akisikiliza mlangoni. Huyo ameanza kutoroka shule, anakwenda kuponda mawe kwenye makarasha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria iko mbali na pesa iko karibu. Fimbo ya baba haikumrudisha, na maneno ya mwalimu hayakumrudisha. Sisemi kitabu kimemrudisha. Ila wiki iliyofuata hakuweza kungoja Jumamosi. Alikichukua kitabu mwenyewe, akakimaliza kwa siku mbili, akiuliza maana ya maneno kwa dada yake mdogo. Sasa anakwenda shule siku tatu au nne kwa wiki. Tano bado.

Mwalimu amewapa kitabu kingine, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwandishi wake ni mtu wa kanda yetu, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa mwaka 1980. Ni kinene sana. Baba amekipima uzito kwa mkono, akauliza kama na humo kuna shimo.