Rubani mpya wa Pwani, uliza saa kabla ya mshahara

Tuseme wewe ni kijana wa Malindi na simu yako haitulii wiki hii. Kampuni moja ya Wilson imesema uripoti Jumatatu, nyingine ya JKIA imesema usubiri barua. Una leseni ya rubani wa biashara, saa 200 na ushee hewani, na mzee wako alishauza ekari ya Msabaha ili ufike hapo. Marafiki wote wanauliza kitu kimoja: wanalipa ngapi?

Swali la pesa ni la haki, sikatai. Nairobi hakuna mwenye nyumba anayepokea picha za mawingu badala ya kodi. Lakini mshahara wa kwanza wa rubani ni jambo la mwaka mmoja, miwili. Aina ya saa utakazoandika kwenye kitabu chako ndiyo itakayoamua utakuwa wapi ukifika miaka 30, na hapa ndipo kampuni zinatofautiana kuliko matangazo yao yanavyoonyesha.

Anza na uwanja wa nyumbani. Barabara ya ndege ya Malindi ina urefu wa kama kilomita 1.4. Ndiyo maana jeti kubwa za watalii hushuka Mombasa, halafu Mwitaliano anapanda matatu ya hoteli hadi Watamu akilalamika njia nzima. Ndege za abiria zinazokuja Malindi ni za pangaboi. Jambojet, ambayo ni mtoto wa Kenya Airways na ilianza kuruka Aprili 2014, ilianza na Boeing 737 lakini siku hizi inatumia Dash 8-400, ile watu huiita Q400, yenye viti 78. Skyward Express inajulikana kwa Fokker 50 na Dash 8 ndogo. Kusini kidogo, Safarilink imekuwa ikishuka Vipingo, na farasi wake wa kazi ni Cessna Caravan: injini moja, abiria kumi na kitu.

Kwa abiria hizo zote ni ndege tu, bora soda ije. Kwako wewe ni maisha tofauti kabisa.

Chukua Caravan. Kiwandani imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Kampuni nyingi za safari huweka wawili, na wewe mgeni utakaa kiti cha kulia. Unaruka Mara asubuhi, Amboseli mchana, kitabu kinajaa, roho inatulia. Sasa soma kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: saa za rubani msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja huhesabiwa nusu tu unapotafuta leseni ya juu, isipokuwa nchi husika iwe imeruhusu zihesabiwe zote kwa sababu ndege ina vifaa vya marubani wawili na inaendeshwa kwa utaratibu huo. Kwa hivyo unaweza kuruka saa 600 ukadhani una 600, kumbe mkononi una 300. Kwenye Q400 au Fokker 50, ambazo lazima ziwe na marubani wawili, saa zako za msaidizi zinahesabiwa zote.

Hiyo leseni ya juu, ya urubani wa ndege kubwa za abiria, inataka saa 1,500. Na si za kuokota popote. Ndani yake lazima kuwe na saa 100 za usiku. Jiulize, ndege ya safari inaruka usiku kwenda wapi? Viwanja vya vumbi vya mbugani havina taa, na jua likizama kazi imeisha. Unaweza kumaliza miaka minne kwenye Caravan, mwili umekomaa kwa kutua penye nyumbu, halafu unakwama kwa sababu ya giza. Ukiwa mbele ya afisa wa ajira muulize bila haya: saa zangu za kulia zitaandikwaje, na za usiku nitazipata wapi? Asipojua, hilo nalo ni jibu.

Haya, sasa usikimbie ukadhani nakuambia Caravan ni mbaya. Ina kitu ambacho ndege kubwa haikupi haraka: kiti cha kushoto. Sheria inataka sehemu ya zile saa 1,500 uwe umeruka ukiwa wewe ndiye kamanda, na kwenye kampuni ndogo unaweza kuufikia ukapteni ukiwa bado kijana. Kwenye ndege kubwa unapanga foleni. Ukiingia leo, uko nyuma ya kila aliyeingia jana, na aliye juu asipostaafu au asipohamia Gulf, nawe husogei. Rubani aliyetua peke yake kwenye upepo wa kaskazi pale Lamu ana ujasiri ambao simuleta haifundishi.

Ujasiri huo lakini una bei, na Pwani tumeiona. Tarehe 28 Oktoba 2025, Caravan iliyotoka Diani kwenda Maasai Mara ilianguka Kwale asubuhi na mapema, watu 11 wakafa, rubani akiwemo. Januari mwaka huohuo ndege ndogo ya mafunzo iliangukia barabara pale Kwachocha, hapahapa Malindi, na waliokufa walikuwa watu watatu waliokuwa chini, wanaendelea na shughuli zao. Sitaki kukisia sababu, kazi hiyo ina wenyewe. Ninachosema ni kwamba unapochagua kampuni ya kwanza unachagua pia nani atakuambia "leo haturuki" wakati wingu limekaa Shimba Hills na watalii wana haraka. Ongea na marubani walioacha kazi pale. Waliobaki watakuambia mambo ni shwari, wana mikopo.

Kitu kingine ambacho vijana hawapendi kusikia: kampuni hufa. Fly540, iliyopata jina lake kutokana na nauli ya shilingi 5,540 ya kwenda na kurudi Mombasa, ilikuwa ikituletea watu Malindi, na kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imesimamishwa. Silverstone Air ilionekana kila mahali, bei poa, matangazo mengi. Oktoba 11, 2019, Fokker 50 yao ilitoka nje ya barabara ya ndege pale Wilson, baadaye mwezi huohuo Dash 8 yao ikaangusha gurudumu baada ya kupaa Lodwar, na miezi michache baadaye kampuni ikawa historia. Rubani aliyekuwa ameajiriwa pale mwezi mmoja kabla hakuwa amefanya kosa lolote.

Hapo ndipo bondi inapouma. Kufundishwa ndege mpya kama Q400 ni ghali, kwa hivyo kampuni inakulipia halafu inakufunga kwa mkataba: fanya kazi hapa miaka kadhaa, ukiondoka mapema rudisha pesa. Ni haki yao kwa kiasi fulani. Shida ni maandishi madogo. Je, wakikuachisha wao bado unadaiwa? Ndege zikisimamishwa na KCAA, miaka yako ya bondi inaendelea kuhesabika ukiwa nyumbani, au inasimama? Deni linapungua kila mwezi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Na nani ameweka dhamana: wewe, au ni hati ya shamba lililobaki la mzee? Mimi chuo niliachia njiani, sina digrii ya kukutisha nayo, ila najua kusoma mkataba ukurasa wa mwisho kwanza. Ujue pia kwamba sheria ya ajira ya 2007 inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa miezi mingine sita ikiwa tu umekubali. Ukiona "majaribio miaka miwili", mpelekee wakili.

Kuna na mlango wa tatu, ule wa kunong'onezwa. Mizigo ya Somalia na Sudan Kusini. Marupurupu ya dola, saa nyingi, hakuna foleni. Mei 4, 2020, ndege ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na Covid ilitunguliwa ikikaribia Bardale, Somalia, watu sita wakafa. Wapo wanaoenda na kurudi salama miaka nenda miaka rudi, na siwezi kumhukumu mtu mwenye deni. Ila kabla ya kuhesabu dola, dai uone karatasi ya bima kwa macho yako, na uone kama inalipa mahali penye vita. Usiambiwe kwa mdomo.

Ukiniuliza mimi, mtu mwenye saa 200 na ofa mbili mkononi, ningechukua ndege ya marubani wawili hata kama mshahara uko chini kidogo. Q400 hasa, kwa sababu haiko Kenya peke yake: Ethiopian inazo, RwandAir inazo, Air Tanzania inazo. Mlango mmoja ukifungwa una pengine pa kubisha. Fokker 50 ni ndege nzuri na imara, lakini kiwanda chake kilifilisika 1996. Ina saa kamili za marubani wawili, sawa, lakini kampuni zinazoitafuta zinapungua kila mwaka. Na ukipigiwa simu kutoka Tanzania, jua kwamba tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya umezuia kampuni zote za ndege zilizosajiliwa kule kuingia anga yake. Leseni yako haiharibiki kwa hilo, ila mwajiri wa baadaye anasoma habari kama wewe.

Ofa ikiwa ni moja tu na ni ya Caravan? Ichukue. Marubani wenye leseni wanaokaa nyumbani mwaka wa pili wakiuza bima na viatu mtandaoni ni wengi kuliko unavyodhani, na saa nusu inashinda saa sifuri. Ingia ukiwa na mpango: ukapteni kwanza, halafu uhame.

Mama yako atauliza kama utakuwa unalala nyumbani. Mwambie ukweli mapema. Kazi nyingi kambi yake ni Nairobi, na Malindi utaiona kwa muda wa abiria kushuka, mizigo kutolewa na wengine kupanda. Atakuja hadi kwenye uzio na mahamri kwenye mfuko, na pengine hutaweza hata kushuka kumpokea. Usilidharau hili. Kuna watu wamehamia kampuni ndogo za Mombasa na Diani kwa sababu hiyohiyo, wakajua wanachopoteza, na wana amani.

Nayo ile habari ya kurefusha uwanja hadi kilomita 2.5 tumeisikia tangu wengine wetu tukiwa shule ya msingi. Fidia ya ardhi ndiyo imekuwa mfupa kooni, na wenye mashamba pembeni ya ua hawajasahau ahadi hata moja. Siku ikitimia, jeti zitashuka Malindi moja kwa moja, na kampuni zitatafuta marubani wenye leseni ya juu ambao tayari ni wakaaji wa huku. Kwa hivyo saa za usiku, kijana, anza kuziulizia sasa.