Fanesi Ikigoma, Usiilazimishe

Wiki hii tuweke kando simu na Linux kidogo. Nataka kuzungumzia mtambo ambao wengi wetu hapa Kenya hatujawahi kuuona, lakini ndugu zetu walioko Minnesota, Massachusetts na Kanada wanalala nao nyumba moja kila usiku wa baridi. Mtambo wenyewe ni fanesi ya gesi.

Kwa asiyeijua: fanesi ni sanduku la chuma ambalo mara nyingi hukaa katika chumba cha chini ya ardhi. Ndani yake gesi inawaka, moto unapita katika mabomba ya chuma, na feni kubwa inapuliza hewa ya nyumba nje ya mabomba hayo. Hewa inapata joto na kusambazwa vyumbani. Moshi hautakiwi kukutana na hewa hiyo hata kidogo. Una njia yake ya kutoka nje. Kule Minneapolis ambako Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, si anasa. Bila fanesi mabomba ya maji yanaganda na kupasuka, na watu wanaweza kufa.

Maoni yangu niyaseme mapema ili tusizungushane: fanesi inayokataa kuwaka mara nyingi haijaharibika. Inafanya kazi yake. Hatari huanza pale mtu anapoilazimisha iwake.

Ni programu kama programu nyingine

Nilipoanza kusoma jinsi bodi ya fanesi inavyofanya kazi nilifurahi sana, kwa sababu ni programu ndogo iliyoandikwa na watu wasioamini kitu chochote. Fuata hatua zake:

1. Thamostati ukutani inaona chumba kina baridi. Inaunganisha waya mbili za volti 24. Huo ndio ujumbe wote: "naomba joto."

2. Bodi inaangalia swichi ya presha. Inatakiwa iwe wazi, kwa sababu bado hakuna hewa inayovutwa.

3. Feni ndogo ya kutoa moshi inaanza. Ikiwa njia ya moshi iko safi, mvuto wa hewa unaifunga ile swichi. Isipojifunga, safari inaishia hapo.

4. Kiwashio kinapata umeme na kuwa chekundu kama kaa la moto.

5. Vali ya gesi inafunguka. Bodi inasubiri sekunde chache tu. Sensa isipoona moto, vali inafungwa.

6. Moto ukionekana, baada ya muda mfupi feni kubwa inaanza kupeleka joto vyumbani.

Moto usipopatikana, bodi inajaribu tena, kwa kawaida mara tatu hivi, kisha inajifungia. Taa ndogo inaanza kumetameta, mathalani mara tatu, kimya, mara tatu. Hiyo ni lugha yake. Maana ya kila mmeto imebandikwa kwa ndani ya mlango wa fanesi yenyewe. (Laiti programu zetu zingekuwa na ujumbe wa hitilafu ulio karibu hivyo!)

Kuna jambo moja hapo ningependa ulitazame kwa makini. Sensa ya moto ni ncha tu ya chuma iliyokaa ndani ya mwali. Haipimi joto. Bodi inaipa umeme wa AC, na kwa kuwa mwali hupitisha umeme kwa urahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, unaorudi ni DC, maikroampea chache tu. Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu waya ukichunika na kugusa fremu ya chuma, umeme utapita vilevile, lakini utabaki AC, na bodi itajua huo si moto. Aliyebuni kitu hiki alijiuliza, "Je, nikidanganywa?" Ni swali ambalo sisi waandishi wa programu hatujiulizi mara za kutosha.

Kisa cha waya mbili

Binamu yangu amepanga nyumba Minnesota, yeye na watoto wawili. Msimu mmoja wa baridi fanesi ikagoma usiku. Taa ikaonyesha kwamba swichi ya presha haijifungi. Jamaa mmoja anayejiita fundi (simtaji) akaja, akasema swichi imekufa, akazitoa nyaya zake mbili na kuzisokota pamoja. Yaani aliiambia bodi, "Njia ya moshi ni safi, niamini mimi."

Bodi ikakataa tena, safari hii kwa mmeto tofauti. Kumbuka hatua ya 2: swichi inatakiwa iwe wazi kabla feni haijaanza. Ikionekana imefungwa tangu mwanzo, bodi inajua kuna anayedanganya. Fundi akaamua kwamba basi bodi nayo imekufa, na akataja bei ya bodi mpya.

Binamu akapiga simu kwa kampuni ya gesi. Aliyekuja hakufungua sanduku kwanza. Alizunguka nje ya nyumba. Fanesi za kisasa zinazobana joto vizuri hutoa moshi kwa bomba la plastiki linalotokea ukutani, si mbali sana na ardhi. Theluji iliyosukumwa na upepo ilikuwa imelifunika. Akaliondolea theluji kwa koleo, akazirudisha nyaya mahali pake, na fanesi ikawaka.

Swichi ilikuwa nzima. Bodi ilikuwa nzima. Zilikuwa zinasema kweli: moshi hauna pa kutokea. Kama fanesi ile ingekuwa ya zamani isiyofanya ukaguzi wa hatua ya 2, ingeweza kuwaka usiku ule huku njia ya moshi imezibwa, na watoto wamelala.

Katika kazi yetu tunaijua tabia hii. Programu inatupa hitilafu, mtu anaandika mistari mitatu ya kuikamata na kuinyamazisha, kisha anasema, "Imekubali!" Haijakubali. Imezibwa mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwa fanesi methali hiyo si mfano tu.

Sensa inayodanganya ni mbaya kuliko mashine iliyozimika

Usidhani ni mafundi wa mitaani tu. Tarehe 13 Septemba 2018, katika miji ya Lawrence, Andover na North Andover huko Massachusetts, wafanyakazi wa mradi wa kampuni ya gesi walikuwa wakibadilisha bomba kuukuu la chuma. Bomba hilo likatengwa, lakini mirija ya kupima presha ilibaki imeunganishwa nalo. Presha ndani ya bomba lile lililoachwa ilipoanza kushuka, vidhibiti vikadhani mitaa inakosa gesi, vikazidi kufunguka. Gesi ya presha kubwa mno ikaingia majumbani. Nyumba zikalipuka na kuungua, kijana wa miaka 18 akafa, na zaidi ya watu 20 wakapelekwa hospitali.

Vidhibiti havikuharibika. Vilitii kikamilifu habari ya uongo. Ndiyo maana nasema kuidanganya sensa ni kosa zito kuliko kuizima mashine yote. Mashine iliyozimwa inakuacha na baridi, na baridi unaihisi.

Kaboni monoksidi huihisi. Haina rangi wala harufu, na inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, unadhani ni mafua, unaenda kulala. Marekani peke yake watu zaidi ya 400 hufa kila mwaka kwa ajali za gesi hii zisizohusiana na nyumba kuungua. Dalili ya kukushtua: nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu.

Basi tufanyeje?

Haya ndiyo ninayowaambia walio na fanesi, na hakuna hata moja linalohitaji digrii:

- Badilisha kichujio cha hewa. Vile vyembamba vya inchi moja ni kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kikiziba, hewa haipiti, mabomba ya ndani yanapata joto kupita kiasi, na swichi ya kikomo cha joto inazima moto. Ukiliacha hilo lijirudie msimu mzima, chuma kinaweza kupasuka, na ufa huo unaweza kuchanganya moshi na hewa mnayovuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kichujio cha dola chache kinaokoa fanesi ya maelfu.

- Usifunge matundu ya hewa ya vyumba vingi ukidhani unabana matumizi. Matokeo ni yaleyale ya kichujio kilichoziba.

- Baada ya theluji, zunguka nje uangalie mabomba ya ukutani. Dakika mbili tu.

- Usihifadhi petroli, rangi wala maboksi karibu na fanesi.

- Mlango wake una swichi inayokata umeme ukifunguliwa. Usiibandike kwa selotepu.

- Ikijifungia, soma mmeto kwanza, uuandike. Kisha unaweza kuzima na kuwasha mara moja. "Zima uwashe" ni dawa ya kazi yetu, najua, lakini kila jaribio lililoshindwa linaachia gesi kidogo. Ikijifungia tena, ita fundi mwenye leseni na umsomee mmeto ule.

- Mwali mzuri ni wa buluu na umetulia. Wa manjano unaoyumbayumba ni wa kuzimwa na kuitiwa fundi.

- Kila mwaka kabla ya baridi, fundi aifungue, aisafishe na kuipima.

- Weka king'ora cha kaboni monoksidi kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Sheria ya Minnesota inataka kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Angalia tarehe ya mwisho nyuma yake, kwa kuwa sensa ya ndani huchakaa. Milio minne mfululizo maana yake ni tokeni nje mara moja. Mlio mmoja mmoja wa mbali mbali ni betri au uzee.

Na ukinusa gesi? Harufu ile imetiwa makusudi. Machi 1937, shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyovuja bila mtu kuinusa, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria za kutia harufu zikaenea. Kwa hiyo ukiinusa usiwashe taa, usiizime, usipige simu ukiwa ndani. Toka na watu wako, piga simu ukiwa mbali.

Na hizi thamostati za intaneti?

Nazipenda. Lakini Januari 2016 ziliripotiwa thamostati za Nest zilizomaliza betri kwa sababu ya kosa la programu, na watu wakaamka nyumba zimepoa. Waliudhika, lakini fanesi haikulipua nyumba. Kwa nini? Kwa sababu thamostati inaomba tu. Uamuzi wa kufungua gesi uko kwenye bodi ya chini, na katika fanesi nyingi swichi za joto ziko kwenye waya uleule wa kwenda kwenye vali, hata bodi yenyewe haiwezi kuzipuuza. Ndivyo mifumo inavyotakiwa kujengwa: akili nyingi juu, usalama chini, na chini pasitegemee juu.

Sisi wa huku tunajifunza nini?

Februari 2021 dhoruba ya baridi ilikata umeme Texas, na fanesi ya gesi bila umeme haiwaki. Watu wakaingiza makaa na jenereta ndani ya nyumba, na wapo waliokufa. Habari hiyo haikunishangaza. Limuru mwezi wa Julai tunaijua vizuri: jiko la makaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, asubuhi majirani wanavunja mlango. Gesi iliyoua ni ileile.

Tofauti ni kwamba jiko letu halina hatua ya 2. Halina swichi ya presha, halina bodi, halina mmeto. Haliwezi kukataa. Kwa hiyo lazima wewe ndiwe ukatae kwa niaba yake: makaa yabaki nje, dirisha libaki wazi, hata kama meno yanagongana.

Na wewe mwenye fanesi, una kitu ambacho sisi hatuna: mashine inayoweza kusema hapana. Tafadhali usimlipe mtu aje kuizima sauti.

Wenye fanesi huko mliko, niambieni yenu inameta mara ngapi ikigoma, na fundi alisema nini. Maoni hapo chini yako wazi kama kawaida.